Diski Mbili, Namba Moja

Kathini aliingia mtaa wa Laini Saba na sketi nyeupe iliyopigwa pasi, siku ambayo wauza makaa walikuwa wakishusha magunia kando ya reli. Alikuwa akitafuta waya. Katika kibanda kimoja cha bati alimkuta kijana mrefu, shati la drafti, ameinamia tumbo la kompyuta.

"Sasa. Uko na waya ya skazi? Ya kuunganisha diski na kompyuta."

Kijana aliiangalia sketi kwanza. "Poa. Hapa watu huuliza waya ya redio. Umetoka wapi?"

"Kawangware. Na sijakuja kuulizwa maswali."

"Basi siulizi. Naitwa Osewe. Hiyo waya nitakuletea mwenyewe, nione kama kweli uko na kompyuta ama umetumwa kunichunguza."

"Nikuchunguze uko na nini?"

Walicheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kathini alikuwa na ofisi ndogo pale 56, stegi ya matatu huko Kawangware, kati ya saluni na duka la hadwea la Nzomo, akipanga kwa kompyuta kadi za harusi na vijitabu vya makanisa. Mchumba wake wa kwanza alihama na viti vya Kathini vya sebuleni, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Osewe, mpenzi wake mpya, akipiga simu, Kathini huanza na upelelezi.

"Hello, mami."

"Nani huyo?"

"Kwani una wangapi?"

"Wewe ndiwe utaniambia una wangapi."

Hata hivyo alimpenda, na Osewe alilijua hilo. Alichohofia ni ile diski ya Kathini. Kitabu kizima cha nyimbo za Kikamba, kazi ya mwaka, kilikuwa humo na hakikuwa mahali pengine. "Hii ikifa, umekufa nayo," alimwambia. Jioni moja akaleta diski ya pili, akaifunga nyuma ya ile ya kwanza kwenye waya uleule, akaweka kizibo mwishoni, akimfunza kwamba diski ya mwisho lazima izibwe. Wangenakili nyimbo kesho.

Alipokwenda, Kathini akapangusa vumbi. Akaona kila diski ina kinamba nyuma: yake tatu, ya Osewe tano. Hakupendezwa. Matatu zote za laini moja hubeba namba moja, hata mtoto anajua. Akabonyeza kitufe cha ile ya Osewe mpaka nayo ikasoma tatu, akafunga ofisi akiwa ameridhika.

Asubuhi kompyuta iliganda. Hakuna diski, hakuna nyimbo. Na Mbula wa saluni, ambaye hakosi habari, akachungulia mlangoni. "Msee wako nilimwona juzi akitoka kwa Wamucii na kamfuko."

Wamucii alikuwa na kompyuta ng'ambo ya barabara, akigombea wateja walewale. Kathini akapiga simu kibandani Laini Saba.

"Kuja."

"Leo hata sweetheart hakuna?"

"Kuja, Osewe."

Alipofika hakupewa kiti. "Umenibadilishia diski. Nyimbo zangu ziko kwa Wamucii."

"Nani amekuambia? Ngoja niangalie." Osewe akachomoa diski yake mwenyewe, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga ili asome namba.

Kathini aliona mtu anatoka na mali. "Mwizi!"

Pale 56 neno hilo halirudishwi kinywani. Wanaume waliokuwa stegi walisimama, na mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Nzomo alitoka hadwea mbio, akajaza mlango kwa kifua chake. "Huyu ni fundi, namjua. Rudini."

Osewe aliiweka diski mezani polepole. Akaondoka bila kukimbia, kwa sababu anayekimbia hufukuzwa.

Kathini akahamishia kizibo kwenye diski yake, kama alivyofunzwa, akawasha. Nyimbo zote zilikuwepo; akakumbuka ile namba aliyoibadilisha. Alilia, akajifunga leso, akashika njia ya Laini Saba kwa miguu.

Osewe alikuwa kibandani akikaza skrubu.

"Nyimbo ziko," Kathini alisema. "Ni mimi nilibadilisha namba. Nilidhani za laini moja hubeba namba moja."

"Kwa ploti yenu milango miwili ikiandikwa tatu, mtu akiita namba tatu, nani atafungua? Kompyuta iliita, zote zikajibu, ikachanganyikiwa."

"Na Wamucii?"

"Mpaka saa hii unauliza?"

"Nauliza."

"Nilimtengenezea mashine, akanilipa na diski. Nikakuletea wewe." Akaweka bisibisi chini. "Ungeniita mlevi ningecheka. Lakini hilo neno, Kathini. Wangenimaliza, na wewe ungebaki kusema pole. Sipiti tena pale stegi."

"Utapita na mimi," alisema, akamshika mkono.

Wanaume walikuwa palepale stegi. Kathini, ambaye hapendi watu wajue mambo yake, alisimama mbele yao.

"Asubuhi nilimwita huyu mwizi. Nilimsingizia. Ile diski ilikuwa yake. Huyu ndiye nataka anioe, kama bado ananitaka."

Kicheko kikazuka. "Fundi, jibu basi," mmoja akasema.

Osewe alimtazama yule wa jiwe, naye akaangalia viatu vyake. "Nitajibu ndani. Kwanza tunakili nyimbo."

Ndani akairudisha diski yake kwenye namba tano, akaiunganisha, kizibo kikarudi mwishoni. Nyimbo zikaanza kuhama moja moja, Kathini akizitazama bila kupepesa.

"Nimekubali," Osewe alisema. "Lakini siku nyingine ukinishuku, niite kwa jina langu."

"Nitakuita Osewe."

"Hata ukiwa na hasira?"

"Nikiwa na hasira ndiyo zaidi."