Mkono Uliokataa Kushuka

Mtaa mzima ulimwita msusi huyu Umeme, kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda kasi. Mteja alikaa kitini, na kabla chai yake haijapoa nusu ya kichwa imeshasukwa. Umeme alijivunia jina hilo. Kwake, kukaa bila kazi kulikuwa sawa na kuiba.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo lililomchoma. Binti yake mdogo hakutaka kusukwa naye. Kila Jumamosi mtoto alichukua kitana chake akaenda kwa jirani. Watu walitania kwamba kinyozi hajinyoi. Umeme alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia.

Siku moja alimuuliza mtoto sababu.

"Unavuta sana, mama," binti alisema. "Mkono wako una hasira."

Umeme hakuwa na hasira. Alikuwa na mabega yaliyokaza kwa kusimama kutwa, mikono juu. Alikwenda kliniki, daktari akampima. Hakuona ugonjwa. Alisema misuli imechoka, akamshauri afanye mazoezi ya kujinyoosha. Ndipo Umeme akajiunga na darasa la yoga katika ukumbi ulio karibu na saluni yake. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho.

Umeme alijinyoosha vizuri kuliko wengi. Tatizo lilikuwa mwishoni. Mwalimu akiwaambia walale chali watulie, yeye alikunja mkeka wake akatoka mbio. Kulala mchana kweupe, na wateja wanangoja? Hilo aliwaachia wavivu.

Wiki zikapita. Mabega yalikuwa yale yale, na binti bado alikwenda kwa jirani. Umeme akamlalamikia mwalimu kwamba yoga haimsaidii. Mwalimu hakubishana naye. Alimwomba tu siku hiyo abaki hadi mwisho.

Umeme akalala chali, akafumba macho. Mwalimu akachuchumaa kando yake, akauinua mkono wake wa kulia polepole, akauachia.

Mkono haukushuka. Ulibaki hewani.

"Mkono huo anaushika nani?" mwalimu aliuliza.

Umeme akafumbua macho. Alipouona mkono wake umesimama peke yake, alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia.

"Nilidhani nimepumzika," alisema.

"Mwili wako haujapata habari, dada. Tunapojinyoosha, misuli inafanya kazi. Ukikimbia hapo hapo, unaondoka na mkazo wako. Ukitulia, moyo unapunguza mwendo, pumzi inashuka, misuli inaachia. Huo si uvivu. Ni sehemu ya zoezi."

Akamfundisha namna ya kutulia. Miguu iachane kidogo, viganja vitazame juu. Mgongo ukiuma, mto uwekwe chini ya magoti. Pumzi isilazimishwe. Mawazo yakija, yapite zake, yasikaribishwe chai. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Mwishoni, mtu asiruke ghafla, maana anaweza kupata kizunguzungu. Ageukie ubavu kwanza, akae, ndipo ainuke.

Umeme akaanza kufanya hivyo nyumbani pia. Siku ya kwanza mama mkwe alimkuta sakafuni, akashika kifua. Katika nyumba ile, aliyelala mchana alikuwa mgonjwa. Bibi akamfunika blanketi na kumwita mwanawe, mume wa Umeme, naye akaja mbio na kiatu mguu mmoja. Umeme akawaeleza, bila kuinuka, kwamba haumwi, yuko kwenye zoezi.

"Zoezi gani hilo lisilo na jasho?" mama mkwe aliuliza.

Hata hivyo aliketi karibu akamlinda. Tangu siku hiyo, mtu akigonga mlango saa ile, bibi mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha.

"Taratibu," alisema. "Mkwe wangu yuko kazini."

Binti naye, aliposimuliwa yaliyotokea darasani, aliupenda mchezo wa mkono. Kila siku aliuinua mkono wa mama yake, akauachia. Mwanzoni ulibaki hewani. Baadaye ukawa unashuka kidogo kidogo, kwa kusitasita. Kisha siku moja ukaanguka puu juu ya mkeka.

Mtoto alisubiri mama yake ageuke ubavu, akae, avute pumzi. Halafu akaenda kuleta kitana chake, akaketi katikati ya magoti ya mama yake.

Umeme akaanza kusuka. Siku hiyo hakwenda kasi. Aligawa nywele mstari kwa mstari, vidole vimelegea, moyo umejaa furaha. Alipofika katikati ya kichwa akauliza kama anamuumiza.

Akainama kumtazama. Mtoto alikuwa amelala fofofo, shavu lake limeegemea goti la mama. Umeme akauacha msuko ulipofikia, akatulia naye.