Kope la Mwalimu Stumai

Jumamosi ile jua lilikuwa kali. Mwalimu Stumai, jirani yetu wa Talatala, alikuwa akigeuza kokoa kwenye jamvi kwa mkono mmoja. Kwa mwingine amebana kitambaa cha maji ya moto kwenye jicho la kushoto. Uvimbe wa kope ulikuwa na miezi mitatu sasa. Dawa ya kupaka imeshindwa, na Jumatatu daktari angeupasua. Aliogopa kitu kimoja tu: kisu kiteleze, jicho liende.

"Kisu hakitasaidia," alisema Tulinagwe, mama mkwe wake. "Baba mkwe wako alipasuliwa jicho hilohilo ujanani, nawe umemtazama usoni. Kwetu mkamwana hamtazami. Hujifunika, akapita."

Stumai, mtu wa Tanga, akacheka kwa hasira. Huyu mama anataka nini hasa?

"Mama, hii ni tezi ya mafuta imeziba. Halafu mbona wa kujifunika ni mwanamke tu? Yeye hana shingo ya kugeuza? Na baba alifariki kabla Ezra hajanioa. Sijamwona hata kwenye picha!"

Tulinagwe hakucheka.

"Ndiyo maana nakuuliza, mwanangu. Ulimwona wapi?"

Stumai akaacha kugeuza kokoa. Kila mchana, mama akiwa shambani, mzee mmoja husimama ng'ambo ya jamvi. Alimdhani jirani. Alimwamkia, tena kwa adabu. Mzee hakuwahi kuitikia; alifunika tu jicho lake la kushoto kwa kiganja.

"Kesho jifunike," mama akanong'ona. "Nakuomba."

Ajifunike? Hata!

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alisimama kwenye jamvi kichwa wazi. Mzee alikuwepo.

"Shikamoo, baba." Akamkazia macho. "Sijifuniki. Una nini na jicho langu?"

Mzee akashusha kiganja.

Kidole gumba cha baridi kikapita juu ya kope la Stumai. Taratibu. Mzee alikuwa bado ng'ambo ya jamvi. Hakuwa amesogea.

"Fumba," sauti ikanong'ona sikioni.

Hakufumba.

Jumatatu, Daktari Clemence alimulika tochi, akaligeuza kope. Uvimbe haukuwepo. Jicho likasoma herufi zote, mpaka mstari wa chini kabisa. Stumai akapumua, akaanza hata kupanga atakavyombishia mama.

Daktari hakuzima tochi.

"Mwalimu, nani alikupasua?"

"Hakuna. Sijawahi kupasuliwa."

"Kuna kovu humu ndani. La kisu. Wiki jana sikuliona." Akasogea zaidi. "Na ni la zamani. Lina kama miaka arobaini."

Stumai ana ishirini na sita.