Harage Moja la Changgeng

"Maksai huyu anamfuata nani? Si Mansui? Basi mwenye mali ni yeye," Dou Changgeng, mwenyekiti wa chama cha wakulima, aliuambia mkutano. "Mwandikeni mkulima tajiri."

Watu waliojaa uwanja wa kupuria ngano waliinamisha macho. Damu ilimchemka Xiuhe. Nani asiyejua kwamba maksai ni wa kabaila Pei aliyekimbia? Mansui alikuwa kibarua wake tu, miaka kumi na moja akilala zizini na huyo mnyama. Akiandikwa tajiri hapati hata tuta moja la ardhi itakayogawiwa, na atakayeolewa naye ataponzwa pia.

Alimgeukia Mansui, mpenzi wake. "Sema kitu."

"Niseme nini? Kubali tu kuolewa na Changgeng. Wewe angalau utapona."

Hapo ndipo alipokasirika kwelikweli. Akaenda mbele.

"Kila siku mnatwambia tuseme machungu yetu. Yangu haya. Jana kisimani Changgeng aliniambia nikiolewa naye, Mansui ataandikwa maskini. Nikimkataa, tajiri. Tangu lini utajiri wa mtu ukapimwa kwa mwili wangu?"

"Mwongo huyo," alisema Changgeng.

"Mwongo ni wewe," alijibu mama Luan, kikongwe asiyemwogopa mtu. "Nilikuwa nyuma ya ukuta pale kisimani nafua. Nilikusikia."

Afisa wa ardhi kutoka wilayani akaitisha kura, kijiji kiamue kinamwamini nani kati ya hao wawili. Wengi hawakujua kusoma, hivyo Changgeng na Mansui waliketi wakitazama ukuta, kila mmoja na bakuli mgongoni kwake. Unayemwamini, unamtilia harage. Bakuli la Mansui lilijaa mpaka likamwagika. La Changgeng lilipata moja, na wote walimwona mama yake akilitia.

Mansui akaandikwa maskini na kupewa yule maksai. Ardhi ikagawiwa, wanawake nao wakapata kwa majina yao. Mansui alikuja shambani akicheka, akashika kigingi cha mpaka chenye jina la Xiuhe akitaka kuking'oa, mashamba yao yawe moja.

"Usikiguse. Ulinigawa mimi kabla ardhi haijagawiwa."

Kicheko kikamkauka. "Niliogopa, Xiuhe. Nisamehe."

Xiuhe alikikanyaga kigingi kikazidi kuzama.

"Nimekusamehe, na nitaolewa na wewe. Ila kigingi changu hakitoki. Chomeka chako hapo kando, kisha kamlete maksai. Tunaanza na shamba langu."