Neno Lililomwangukia Nabanda

Asubuhi hiyo Tiyamike alikuwa anasonga nsima, ugali wa mahindi. Mama yake, Nabanda, alikuwa anapepeta mahindi uani. Binti mdogo wa Tiyamike, Tadala, alilala mkekani ndani, mwili unachemka kwa homa.

"Usiku niliruka na ungo," Tadala alisema.

Masautso, mume wa Tiyamike, akashtuka. Nani asiyejua kwamba ungo ndio ndege ya wachawi?

"Nani alikurusha? Ni bibi, siyo?"

"Ndiyo," mtoto akaitikia.

Masautso akatoka nje akipiga kelele. Majirani wakajaa. "Mkwe wangu ni mfiti! Anamtumikia shetani, anamfundisha mwanangu! Aondoke leo, la sivyo nyumba itachomwa!"

Nabanda aliinuka taratibu. "Nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu. Wewe ulikuja kuoa hapa na mkeka na mdomo tu. Siondoki."

Tiyamike alikimbia kumwita Zione, mhudumu wa afya. Zione akampima Tadala damu.

"Ni malaria. Homa kali humfanya mtoto aweweseke."

"Na ungo je?" Masautso aliuliza. "Kamtaja bibi yake mwenyewe!"

Zione akamwinamia mtoto. "Tadala, kwenye ungo baba naye alikuwemo?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Ndiyo."

"Haya, shemeji, tumekuwa wafiti wawili. Tunaruka lini?"

Majirani wakaangua kicheko. Masautso akainamisha kichwa.

"Mtoto mgonjwa huitikia jina analotajiwa," Zione alisema. "Mfiti maana yake mchawi, muuaji. Ukimwita mtu hivyo, unawapa watu kiberiti wamchomee nyumba. Ndiyo maana sheria yetu inakataza. Mtoto akipata homa, mleteni apimwe siku hiyohiyo."

Tiyamike alisimama kando ya mama yake, kifua mbele. "Baba Tadala, ulimtukana mama yangu mbele ya watu. Lifute neno lako mbele ya watu haohao."

Masautso akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Wewe si mfiti. Nilikosea."

"Inuka," Nabanda alisema. "Mbebe mwanao umpeleke akapewe dawa."

Tadala alimaliza dawa zote, akapona. Mvua zilipoanza, jirani mmoja alimnyooshea kidole shangazi yake mzee: "Mfiti huyu! Mwanangu anatetemeka!"

Masautso ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni pale.

"Funga mdomo, ndugu yangu," alisema. "Mtoto umempima?"