Kwenye Ukingo wa Mgodi

Kila Jumamosi Kamene hufua sare zake na kuteka maji kwenye kioski kabla jua la Kitengela halijawa kali. Jumamosi hiyo alisamehewa kazi, kwani chama cha wapanda milima cha shule yao kilikuwa kinakwea vilima vikavu nje ya mji wa Kajiado. Tangu waanze kupanda, Kamene hakutulia. Mara atangulie, mara arudi nyuma, mara amvute mkono rafiki yake Mugure.

Karibu na mgodi wa zamani, Mwalimu Phylis aliwasimamisha.

"Mashimo haya yaliachwa wazi na kingo zake zinabomoka. Asitoke mtu njiani!"

Wenzao walipoketi kunywa maji, Kamene alinong'ona, "Mugure, twende tuchungulie tu."

Wakajipenyeza kati ya miiba. Mugure aliona jiwe linalong'aa ukingoni, akainama. Papo hapo filimbi ya mwalimu ikalia. Kamene alitimua mbio akidhani mwenzake yuko nyuma yake.

Hakuwa nyuma yake.

"Mugure yuko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Ameenda haja, mwalimu."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Wakangoja. Upepo ulivuma, vumbi likapaa. Kamene aliketi, akasimama, akaketi tena. Akisema, ataadhibiwa. Asiposema je? Alijikaza mpaka akashindwa.

"Mwalimu, nimekudanganya! Tulienda mgodini. Ni mimi nilimwambia twende."

Mwalimu hakumkaripia. Alinyakua kamba ya kupandia, wakakimbia wote. Walimkuta Mugure ameteleza shimoni, amesimama juu ya mwamba mwembamba, sauti imemkauka kwa kuita. Mwalimu aliifunga kamba kwenye shina la mgunga, akamtupia ncha.

"Ipitishe chini ya makwapa, mama. Kaza fundo. Usitazame chini."

Wakavuta wote. Mugure alipofika juu tu, ule mwamba ulimeguka, ukaporomoka gizani.

"Nisamehe," Kamene alisema huku akilia. Mugure alimkumbatia.

Mwalimu Phylis aliketi chini, akihema.

"Kutoka njiani lilikuwa kosa, na wazazi wenu nitawaeleza. Lakini kosa la pili ndilo lililotaka kuua. Ukikosea, Kamene, sema mapema. Uongo hula wakati, na wakati ndio Mugure hakuwa nao."