Maneno Aliyoyaruka Merveille

Merveille alikuwa hajavua hata buti za theluji Papa Sosthène wa ghorofa ya pili alipomfuata mlangoni, simu mkononi.

"Mwanangu, zungumza na huyu. Ni mtu wa bima ya gari, anasema mbio kama anafukuzwa."

Merveille akaipokea simu. Ndivyo zilivyokuwa jioni zake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiishi na mama yake katika mji wa Saint Louis Park, kando ya Minneapolis. Jengo lao lilijaa familia kutoka mashariki ya Kongo, na yeye ndiye aliyewafasiria wakubwa. Mkubwa anasema Kiswahili, Merveille anasema Kiingereza, daktari au mwenye duka anajibu, Merveille anarudisha.

"Kwa nini hawajifunzi wenyewe?" alimnung'unikia mama yake.

"Nikitoka ghalani kule Shakopee, nimepakia masanduku kutwa nzima, nijifunze kwa kichwa kipi?" mama alimjibu.

Mwaka huo, 2014, habari ilikuwa Charleston. Mji huo wa kale wa Kusini ulikuwa umewateka watu akili. Magazeti ya safari yaliusifu mwaka baada ya mwaka, ndege zilijaa, na huko Minneapolis, ambako theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope la kijivu, watu walitazama picha zake kwa kutamani: nyumba za rangi ya waridi, maua, mikokoteni ya farasi. Dinah wa darasa la Merveille alikuwa amerudi kutoka huko na ngozi iliyoungua kwa jua, naye hakuwa na hadithi nyingine. Kwa hiyo kwaya ya vijana aliyoimbia Merveille, ya kanisa la Wakongo mjini Saint Paul, iliposikia kwamba itasafiri mwezi wa Juni, vijana wote walipiga kelele, "Charleston!"

Kibali kilikuwa mikononi mwa wazee wa kanisa. Kiongozi wao, Mzee Eliezer, hakuwa mtu wa kuchezewa. Wakati wa vita, watu wenye bunduki walimtwisha mizigo yao msituni mpaka mabega yakachubuka, na tangu hapo hakutaka kusikia mtu akiitwa "boi", hata kwa mzaha.

Jumamosi moja wazee walikutana na Bi Lindgren, mama mchangamfu aliyepanga safari za makundi. Cyrus, mwalimu wa kwaya, Mkenya aliyejua lugha zote mbili, alikuwa zamu hospitalini. Akaitwa Merveille.

Bi Lindgren alionyesha picha kwenye kompyuta yake. Bahari, masoko, makanisa. Merveille alifasiri vizuri, neno kwa neno. Kisha ikaja picha ya vijumba vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja chini ya miti mikubwa.

"Hapa ndipo watoto watakapolala," alisema Bi Lindgren kwa Kiingereza. "Ni shamba la mpunga la zamani. Hivi vilikuwa vijumba vya watumwa, familia mbili katika chumba kimoja. Sasa vimetiwa vitanda, bafu na intaneti. Wageni wanavipenda mno! Kuna harusi bustanini karibu kila wiki. Kwaya ikiwaimbia maharusi, malazi ni bure."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyosemea habari za kifungua kinywa.

Merveille alimtazama Mzee Eliezer. Alijua kwamba akilitaja neno moja tu, "watumwa", safari imekwisha.

"Anasema ni nyumba za zamani za shamba," akasema kwa Kiswahili. "Zimetengenezwa, zina maji ya moto. Tukiimba, tutalala bure."

"Zamani walikaa nani humo?" aliuliza Mama Uwamariya, mmoja wa wazee.

"Wafanyakazi."

Mzee Eliezer akasogeza kiti. "Wafanyakazi walijengewa matofali? Sisi kwenye shamba la chai tulilala vibanda vya nyasi. Basi mabwana wa hapa walikuwa na utu." Akatabasamu, jambo ambalo si la kila siku. "Waende."

"Anasemaje?" aliuliza Bi Lindgren.

"Anasema amependa," alijibu Merveille.

Nje, rafiki yake Kasika alimrukia shingoni. Kisha akamnong'oneza, "Lakini mimi nimeliona shamba hilo kwenye intaneti. Ulimwambia Mzee habari za watumwa?"

"Nimwambie ili akatae?"

"Basi funga mdomo. Mimi nimeshajigamba shule nzima."

Kanisa lao liliazima jengo la kanisa la Wamarekani weusi, na mara kwa mara makanisa hayo mawili yaliabudu pamoja. Jumapili ya ibada hiyo ilipofika, Mzee Eliezer alipanda mbele na kumwita Merveille kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zetu," alianza, "watoto wetu wanakwenda Charleston."

Merveille akafasiri. Watu wakapiga makofi.

"Watalala kwenye shamba ambalo mabwana wake wa zamani waliwapenda wafanyakazi wao, wakawajengea nyumba za matofali. Naomba na mabwana hao tuwapigie makofi. Haya, binti, fasiri."

Merveille akageuka kuwatazama watu. Kwenye benchi la kwanza aliketi Bibi Odessa, mwenyeji wao, kizazi cha watu waliotoka Kusini hukohuko. Hakujua Kiswahili, lakini alikuwa akitabasamu, viganja vyake viko tayari kwa makofi mengine. Nyuma yake Mwalimu Cyrus, aliyeelewa kila kitu, alikuwa amekunja uso.

Merveille angeweza kuruka tena. Angesema lolote kwa Kiingereza na Mzee asingejua. Akavitazama viganja vya Bibi Odessa vikimsubiri.

"Siwezi, Papa Eliezer."

"Huwezi nini?"

"Hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa watumwa. Yule mama alisema, mimi nikaruka. Niliogopa utakataa."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Wakongo wote walisikia, wenyeji walitazamana.

"Ulitaka niwasifu mabwana wa watumwa," alisema Mzee Eliezer polepole, kwa hasira, "mbele ya wajukuu wa waliotumikishwa?"

Mwalimu Cyrus akasimama. "Mzee, niache nimsaidie kufasiri."

"Keti, Mwalimu! Atamaliza mwenyewe. Yote, na kosa lake pia."

Merveille aliyasema yote kwa Kiingereza huku machozi yakimdondoka. Bibi Odessa alivishusha viganja vyake mapajani.

"Bibi yangu alitoka kwenye mashamba hayo ya mpunga," alisema, naye Merveille akafasiri. "Kila mwaka wananiletea matangazo: njoo Charleston, njoo uone maua! Hakuna tangazo hata moja lililomtaja yeye. Watoto waende, lakini si kumwimbia bibi harusi pale. Dada yangu ana kanisa mjini humo. Sakafu yao ni ngumu, ila kila mtu anajua iliwekwa na nani."

Kesho yake wazee walilikataa lile shamba. Vitanda na maji ya moto vikaenda na maji. Kwa majuma kadhaa vijana wa kwaya walimwita Merveille "Redio Mbovu", na Kasika alihamia kiti kingine mazoezini.

"Ungesema mapema, au usingesema kabisa," Kasika alimfokea. "Si katikati ya kanisa!"

"Mapema, ndiyo," alijibu Merveille.

Juni walisafiri kwa basi, Mzee Eliezer pamoja nao, na kulala sakafuni katika kanisa la dada yake Bibi Odessa. Charleston ilifurika watalii. Asubuhi moja mkokoteni wa farasi uliojaa wageni ulisimama karibu nao, mbele ya jumba lenye nguzo nyeupe.

"Jumba hili lilijengwa kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe," alitangaza mwongoza watalii. Merveille akamfasiria Mzee Eliezer.

"Lilijengwa na nani?" Mzee aliuliza.

"Hajasema."

"Hajasema! Muulize basi, una mdomo."

Merveille akapaza sauti, akauliza. Wageni waligeuka. Mwongozaji alikohoa, akazishika hatamu.

"Watumwa," alisema. Farasi akaondoka.

Merveille alifasiri neno hilo kama lilivyo. Mzee Eliezer alibaki akilitazama jumba, ameuma meno.

"Unaona anavyofanya?" alisema. "Anaruka kila siku ili wageni wafurahi. Nawe uliruka ili nikubali. Ukisimama kati ya watu wawili wasioelewana, wote wawili wamekuamini. Huna ruhusa ya kuwachagulia la kusikia. Ukweli ungenikasirisha, sawa. Lakini hasira hiyo ilikuwa yangu, binti, nawe ukaninyang'anya. Mtu asiyeambiwa ukweli hawezi hata kukataa."

"Nisamehe, Papa."

"Nimekusamehe tangu siku ile uliposema mbele ya watu. Haya, mkokoteni mwingine unakuja. Muulize na huyu."