Nani Atupake Liwa?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mtaani Mangarivotra, mjini Mahajanga, Madagaska, mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Mgeni alikuwa Nadjma, aliyehamia na mama yake kutoka Nosy Be. Mwenyeji alikuwa Halimati, msichana wa miaka kumi na miwili, na ugonjwa wake ulikuwa wivu.

Kila alasiri, baada ya chuo cha Kurani, wasichana walikusanyika barazani kwa bibi yake Halimati, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko. Walipiga soga kwa Kingazija cha Komoro kilichochanganyika na Kimalagasi, huku wakisaga liwa, ule mti wa manukato ambao Wamalagasi huuita masonjoany. Waliusaga kwa maji juu ya jiwe, kisha wakapakana usoni. Kabla ya Nadjma kuja, Halimati ndiye aliyewachora wenzake maua mashavuni. Sasa foleni yote ilikuwa mbele ya Nadjma. Alichora kwa njiti ya kiberiti, jani moja moja, hata mishipa ya jani ikaonekana.

"Rabiata, njoo kwangu, hapa hakuna foleni," Halimati aliita.

"Ahsante, dada," Rabiata alijibu. "Mwaka jana ulinichora ua, mama akaniuliza kuku yule anatafuta nini shavuni mwangu!"

Wasichana walicheka mpaka liwa ikawapasuka usoni. Nadjma naye alicheka. Kicheko chake ndicho kilichomchoma Halimati kama mwiba wa samaki.

Nchi ilikuwa huru kwa mwaka wa pili, na sherehe ya uhuru ilikaribia. Wasichana wa kila mtaa, nyuso zimepakwa liwa, wangepita kando ya bahari mbele ya watu wote. Chama cha akina mama kilikuwa bado hakijamchagua mpakaji wa Mangarivotra, lakini Halimati alijua jina litakalotajwa. Akamwendea Bi Fatouma, mwenyekiti wa chama, akamnong'oneza, "Mama, bibi yake Nadjma alikuwa Mmakua. Aliletwa kutoka Msumbiji kuuzwa."

Hakusema uongo. Nadjma mwenyewe alikuwa amemwambia, siku walipoanza urafiki.

Bi Fatouma alikunja uso. Tangu zamani, katika shughuli za mtaa, wajukuu wa watumwa walipika na kuosha sahani. Hawakugusa uso wa bibi harusi, wala hawakukaa mkeka wa mbele. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Watu waliifuata tu. Basi siku ya sherehe, barazani kwa Koko, Nadjma akapewa jiwe.

"Wewe saga," aliambiwa. "Halimati atapaka."

Nadjma alisaga. Maji ya liwa yalimchuruzika mpaka viwikoni. Mama yake, aliyekuwa akisugua sufuria uani, aliinua kichwa, akamwona, akakiinamisha tena. Halimati alikuwa amepata alichokitaka, lakini maua yake yakatoka yamepinda.

Koko akatoka chumbani amejifunga leso mpya. "Nadjma, mjukuu wangu, mbona unasaga tu?"

Rabiata akamjibia, "Wamesema bibi yake Mmakua, Koko."

"Nani kasema?"

Macho yote yakamgeukia Halimati.

"Ni kweli, Koko," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenyewe aliniambia."

"Alikuambia wewe, rafiki yake." Koko akaketi mkekani mbele ya Nadjma, akamwinulia uso. "Acha jiwe, mwanangu. Nipake."

Nadjma akamtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa kukubali, na Nadjma akashika njiti. Rabiata akaja kukaa nyuma ya Koko, kisha mwingine, kisha foleni ikafika mlangoni. Halimati alibaki peke yake. Mwishowe akajikokota, akalishika jiwe. "Nisamehe, Nadjma."

"Saga laini," Nadjma alijibu bila kumtazama. "Sitaki chenga."

Halimati akasaga.

"Mjukuu wangu," Koko alisema, "wivu ni ugonjwa wa watoto, nao hupona. Mwenzako akikushinda, kaa karibu naye ujifunze. Lakini wewe ulitafuta silaha, ukaikuta tayari, imekwisha kunolewa: dharau yetu sisi watu wazima. Tumepata uhuru, na bado tunamfukuza mtoto mkekani kwa kuwa bibi yake aliuzwa! Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa hana aibu yoyote."

Bi Fatouma alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno. "Koko, chama kilikwisha kuamua. Umetuvunjia heshima mbele ya watoto hawa. Utuombe radhi."

"Siombi, Fatouma," Koko akasema. "Leo siombi, na kesho usinitumie mtu kuniuliza."